Mtu wa IT mkimya na vikao vya ofisini

Mi ni mtu wa netiweki, naongea kidogo tangu utotoni na sijawahi kuona kama huo ni ugonjwa wa kutibiwa. Kinachoniuma ni kitu kingine, ni kuona mafundi wazuri kabisa, watu wanaoijua mitambo yao mpaka waya wa mwisho, wanakaa kwenye kikao lisaa lizima kimya, maamuzi yanapitishwa na watu wasioujua huo mfumo, alafu ukianguka wao ndo wanaolala ofisini kuutengeneza. Hapo ukimya sio tena tabia yako binafsi, ofisi nzima inaulipia.

Ule ushauri wa "jiamini tu, ongea zaidi" sijaona mtu aliyesaidiwa nao, maana mtu mkimya maneno anayo, mkute na mwenzake wa fani wanabishana kuhusu swichi na rauta uone kama atanyamaza. Kwa ninavyoona mimi tatizo kubwa ni pale anapoanzia. Anaanza na kifaa, wakati anayemsikiliza anawaza kazi yake.

Nitoe mfano niliouona kwa macho. Mwishoni mwa 2023 kile kipindi cha mgao wa umeme, kuna jamaa tulikuwa nae kazini, kila ripoti ya mwezi alikuwa anaandika kwamba betri za UPS, kile kifaa kinachoshikilia umeme kwa dakika chache ukikatika, kwenye chumba cha seva, yaani kompyuta zinazobeba mifumo ya ofisi, zimechoka na zinahitaji kubadilishwa. Ripoti inasomwa, inafungwa, basi. Sio kwamba mabosi walikuwa wabaya, "betri zimechoka" kwa mtu wa uhasibu haimaanishi chochote, kila kitu ofisini kimechoka. Tukakaa nae jioni moja tukaiandika upya, ikawa hivi: umeme ukikatika sasa hivi seva zina dakika nne tu, jenereta likigoma kuwaka ndani ya hizo dakika nne seva ya mishahara inazima ghafla, na ikizima katikati ya kazi mishahara ya mwezi huu inaweza kuchelewa, bei ya betri mpya ni hii hapa. Kikao kilichofuata mhasibu mkuu alisoma akanyanyua kichwa akauliza, "Dakika nne tu?" Jamaa akajibu, "Nne mama, na wiki iliyopita jenereta lilichukua tatu." Hakuongeza neno na wala halikuhitajika, hela ikapita.

Yaani jamaa hakugeuka msemaji, alibaki yule yule mpole. Fundi gari mzuri hakupigi somo la rejeta, anakwambia ukienda nayo Morogoro hivi hivi utalala Chalinze, na wewe unatoa hela mwenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa kozi za mawasiliano hawaligusi, nalo ni kwamba wengi wetu ukimya tumefundishwa. Nyumbani mtoto mwenye adabu haingilii maongezi ya wakubwa. Shule ya msingi tumesoma kwa Kiswahili, tukafika sekondari kila somo Kiingereza, ukikosea sentensi darasa zima linacheka, kwahiyo watu wakajifunza mapema kwamba salama ni kukaa kimya. Sasa chukua huyo mtu, muweke kwenye kikao kinachoendeshwa kwa Kiingereza, mbele ya mkurugenzi ambae asubuhi kwenye korido alimpa shikamoo, alafu utegemee amwambie kwamba mpango wake wa kuhamisha seva ndani ya wikiendi moja hauwezekani. Hawezi, na sio woga, ndivyo alivyolelewa.

Mi nimeona njia inayopita hapo bila kuvunja heshima. Badala ya kusema hapana, unasema "mzee naomba niongezee kidogo hapo", alafu unaweka lile tatizo mezani kama nyongeza ya wazo lake. Kila mtu anaelewa kwamba unapinga, ila hakuna aliyeaibishwa. Na kama Kiingereza kinakukwamisha kwenye kitu kizito omba kueleza kwa Kiswahili, kwa ofisi zetu za hapa Dar sijaona anayekataa, mara nyingi utaona wengine nao wanashusha mabega na maswali ya maana yanaanza kutoka.

Alafu salamu jamani, hili nalisema kwa upendo. Watu wa IT tuna tabia ya kuingia kwenye ishu moja kwa moja, meseji ya kwanza ya siku kwa dada wa mapokezi ni "zima rauta uwashe". Wewe unaona unaokoa muda, yeye anaona unamdharau, na siku unahitaji akufungulie ofisi saa mbili usiku uje kurekebisha kitu utajua tofauti. "Habari za asubuhi dada, poleni na kazi" inachukua sekunde ngapi?

Kilichonionyesha zaidi nguvu ya mtu mkimya ni ule mwezi wa tano 2024. Jumapili tarehe 12 mikongo miwili ya baharini, yaani nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kule upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na sisi huku intaneti ikawa shida nchi nzima, mpaka ubalozi wa Marekani hapa Dar ulifunga huduma kwa umma siku mbili. Jumatatu asubuhi simu za watu wa IT mnajua zilivyokuwa. Kila anayepita mlangoni anauliza, "Kaka, hii ni sisi tu au kila mtu?" Ukianza kumjibu kila mmoja utakesha, na ukijifungia chumba cha seva wataamini kuna kitu umeharibu wewe.

Nilichofanya ni kuandika kwenye grupu la WhatsApp la ofisi hivi: "Habari za asubuhi wote. Intaneti inasumbua nchi nzima, mikongo ya baharini imepata hitilafu. Barua pepe zitachelewa, vikao vya video tuviahirishe leo. Mfumo wa mauzo unafanya kazi kama kawaida kwa sababu seva yake iko humu humu ofisini. Itarudi lini sijui bado. Saa sita mchana nitaandika tena hata kama hakuna jipya."

Hiyo sentensi ya mwisho ndo ilibeba kila kitu. Mtu akishajua saa sita atasikia kitu anaacha kupiga simu saa nne. Na saa sita ilipofika kweli hakukuwa na jipya, nikaandika hivyo hivyo kwamba hakuna jipya, nitarudi saa tisa, watu wakajibu asante kaka, pole na kazi, wakaendelea na shughuli zao. Hapo sijaongea na mtu ana kwa ana zaidi ya salamu, na bado ofisi nzima ilikuwa inajua ilipo. Linganisha na lile jibu tunalopewa wote kwenye madirisha ya huduma, "mfumo uko chini", hujui usubiri au uondoke, unabaki umesimama na foleni inarefuka.

Kwa hiyo kama wewe ni mkimya na una kalamu, anzia kwenye maandishi. Kabla ya kikao mtumie anaekiongoza mistari mitatu ya unachotaka kijulikane, ili hata ukikaa kimya yeye mwenyewe atakuita, "hebu fafanua ile ya betri", na kujibu ulichoulizwa ni rahisi mara kumi kuliko kugombania nafasi ya kuongea na watu wa mauzo. Kingine, chagua mtu mmoja nje ya idara yako, mimi wangu alikuwa dada wa uhasibu, muelezee kazi zako wakati wa chai, pale anapokunja uso ndo pale maelezo yako hayajakaa sawa.

Na nyie mnaoongoza timu naomba mnisikie. Tumeni ajenda siku moja kabla, na ule mtindo wa "kuna mwenye swali?" alafu mnahesabu sekunde mbili mnafunga kikao, muuache. Muulizeni yule dogo wa pembeni kwa jina lake, kitu anachokijua, alafu nyamazeni mpaka amalize.