Kwa Mwendo wa Wanyonyeshao
Somo: Mwanzo 33:12–17

Esau alitaka waongozane. Yakobo akaomba abaki nyuma: alikuwa na kondoo na ng'ombe wanaonyonyesha, na wakikimbizwa hata siku moja kundi lote lingekufa. Mtu aliyechunga miaka ishirini kwa Labani alijua anachosema.

Wapendwa, mama anayerudi kazini hakimbizwi na bosi peke yake, hujikimbiza mwenyewe. Sheria ya Tanzania inampa likizo ya siku 84, au 100 akijifungua pacha. Akiianza wiki nne kabla ya kujifungua, anarudi ofisini mtoto ana wiki nane tu, naye mtoto anatakiwa kunyonya bila hata maji hadi miezi sita. Sheria hiyohiyo inampa mpaka saa mbili za kunyonyesha kila siku, ndani ya muda wa kazi. Wengi huona haya kuziomba. Dada, ziombe, tena kwa barua.

Nyumbani kukiwa mbali, kamua kila baada ya saa tatu hivi. Nawa mikono. Kidole gumba juu ya weusi wa titi, cha shahada chini yake. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo ubonyeze, bila kuvuta chuchu. Titi likiachwa lijae kutwa nzima huwa gumu, huweza kuvimba na kuleta homa, na mwili ukiona maziwa hayatoki hupunguza kuyatengeneza. Hapo ndipo husemwa yamekauka kwa mawazo! Mezani hudumu muda wa saa nne. Kwa joto la Dar, yabebe kwenye chombo chenye barafu. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe.

Na ule usahaulifu unaosemwa humpata mama aliyejifungua? Kulala vipande vipande kunachosha yeyote. Lakini utafiti uliofanyika Barcelona, ukachapishwa 2016, ulilinganisha picha za ubongo kabla na baada ya mimba ya kwanza: sehemu zinazosaidia kuelewa hisia za wengine zilikuwa zimepungua ujazo, na bado ilikuwa hivyo miaka miwili baadaye, ila kumbukumbu haikushuka ilipopimwa. Kwa hiyo tusimwite mzito wa akili. Huzuni ikipita wiki mbili, hiyo ni habari nyingine: apelekwe kliniki, na maombi yaendelee.

Yakobo alipofika Sukothi alijenga nyumba yake, na mifugo akaifanyia vibanda. Wazee wa kanisa, kile chumba cha viti vilivyovunjika kinatosha mama kunyonyeshea na kukamulia: mlango unaofungika, kiti kimoja kizima, ndoo ya maji na sabuni.