Mwaka Tuliochagua Kitalu

Jedwali nililokuwa nimelichora katika daftari lilikuwa na safu nne, na nililionea fahari kuliko lilivyostahili. Ilikuwa Mei 2023, mjini Greeley katika jimbo la Colorado, na nilikuwa nimetumia jioni tatu kunakili takwimu za idara ya wanyamapori ya jimbo jirani la Wyoming: kila kitalu cha uwindaji kilikuwa na vibali vingapi, wageni wangapi waliviomba mwaka uliotangulia, na wangapi kati yao walivipata. Kitalu kilichokaa juu kabisa katika orodha yangu kilikuwa mashariki, kuelekea mpaka wa Nebraska, ambako kila aliyeomba alikuwa amepata. Nilimsogezea daftari Mzee, mwenzangu wa kuwinda, naye akavaa miwani, akasoma mstari mmoja baada ya mwingine bila haraka, kisha akalifunga.

"Hesabu yako inaniambia kwamba nitapata karatasi," alisema. "Haijaniambia nitasimama wapi."

Sikumwelewa. Mimi ni mtu wa Kilifi, na uwindaji nchini Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1977, kabla sijazaliwa, kwa hiyo nilikua nikijua kwamba mtu anayeonekana na nyama ya porini ni jangili na kwamba heri kutomwuliza ameipata wapi. Mzee ni Mtanzania wa Manyoni, na katika ujana wake aliwahi kuendesha magari ya wawindaji katika pori la akiba la Rungwa. Ndiye aliyenifundisha neno kitalu, kwa kuwa hakuona sababu ya kutafuta neno jipya kwa ajili ya Wyoming ilhali jambo lenyewe ni lile lile: nchi imegawanywa vipande, kila kipande kina namba yake na idadi yake ya wanyama wanaoruhusiwa kupigwa, na kibali cha kipande kimoja hakikupi haki ya kuvuka kuingia cha pili.

Mnyama tuliyemtaka ni yule anayeitwa pronghorn, ingawa hata wenyeji wengi humwita swala tu, nasi tulifuata mkumbo. Kwa kweli si swala. Ndiye pekee aliyebaki katika ukoo wake, na wataalamu wanasema kwamba ndugu zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Nilipomweleza mama habari hizo kwa simu, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Na shingo imekwenda wapi?" Swali lake la pili lilikuwa zito zaidi, yaani nani atamchinja, nalo tulilizungumza kwa muda mrefu kabla hajaridhika na habari ya bismillahi inayotajwa wakati wa kufyatua risasi.

Yafaa nieleze jinsi kura ya vibali inavyokwenda, maana uchaguzi wetu wote uliegemea hapo. Asiye mkaazi wa Wyoming hulipa mapema bei yote ya kibali, ambayo mwaka ule ilikuwa dola 326 pamoja na dola 15 za kushughulikia maombi, na akikosa hurudishiwa ile bei ya kibali. Anaruhusiwa kutaja vitalu vitatu kwa mpangilio. Asiyetaka kuomba mwaka huu anaweza kununua pointi, ambayo mwaka ule ilikuwa dola 31, na kuiweka, na mwenye pointi nyingi hutangulizwa katika robo tatu ya vibali, ilhali robo iliyobaki hupigiwa kura bila kumtazama mtu ana pointi ngapi. Pointi hizo hupotea ukipata chaguo la kwanza, lakini hubaki ukipata la pili au la tatu. Mzee alikuwa amepata kibali karibu na Rawlins mwaka 2018, na tangu hapo alikuwa amenunua pointi kila mwaka, kwa hiyo alikuwa nazo nne. Mimi sikuwa na hata moja. Wanaoomba kama kundi hujumlishiwa pointi zao na kugawiwa sawa, na hilo lilimaanisha kwamba akiomba pamoja nami tungehesabiwa kuwa na mbili kila mmoja. Nilimwambia aombe peke yake. Akaniuliza kama nilikuwa nakusudia kumvuta swala hadi barabarani peke yangu, na jambo hilo likaishia hapo.

Yeye alitaka kurudi Rawlins. Nilikuwa na hoja moja iliyomshinda, nayo haikutoka katika daftari langu. Kipupwe kilichokuwa kimeisha hivi punde kilikuwa kikali mno katika kusini na magharibi mwa Wyoming. Theluji iliganda juu ya malisho, swala wakafa kwa njaa na baridi, na karibu na Pinedale wengine wengi waliuawa na ugonjwa wa mapafu unaosababishwa na bakteria. Idara ilipunguza vibali kwa maelfu. Hata kama tungepata, nilisema, tungekwenda kumwinda mnyama aliyenusurika kwa tabu. Mzee hakujibu, bali alichukua kalamu akaukata Rawlins kwa mstari mmoja, na nadhani ulimwuma.

Ijumaa ya mwisho ya Mei, kwa kuwa Jumatatu yake ilikuwa sikukuu, tuliondoka alfajiri kwenda kukitazama kitalu changu cha mashariki. Tulipita Cheyenne na Torrington kwa barabara namba 85 hadi tukafika jirani ya Lusk, na njiani tuliwaona swala wengi kiasi kwamba nilianza kumtazama Mzee kwa jicho la ushindi. Yeye alikuwa akitazama seng'enge. Kila baada ya muda alinitaka nisimamishe gari, akachukua simu yangu yenye programu ya ramani, akanionyesha rangi. Ardhi ya shirikisho inayosimamiwa na ofisi ya ardhi huchorwa kwa njano, misitu na nyika za taifa kwa kijani, ardhi ya jimbo kwa samawati, na ardhi ya watu binafsi huachwa nyeupe. Pale tulipokuwa tumesimama ramani ilikuwa nyeupe kama shuka. Palikuwa na vipande vichache vya samawati na njano, lakini vingi vilizungukwa pande zote na nyeupe, bila barabara ya umma inayovifikia, hata vikawa kama visiwa visivyo na mashua.

Kwenye lango moja tulimkuta mwenye ranchi akishusha chumvi ya ng'ombe. Alitusalimia vizuri, akatusikiliza, kisha akatueleza kwa upole kwamba ardhi yake ilikuwa imekwisha kukodishwa kwa waongozaji wa wawindaji hadi mwisho wa msimu, na kwamba majirani zake wanaoruhusu watu huwatoza mamia ya dola kwa kila bunduki. Hapo ndipo nilipoielewa safu ya nne ya jedwali langu. Vibali vilikuwa vikipatikana kwa urahisi kwa sababu wengi waliojua hawakuviomba. Idara yenyewe ilikuwa imeweka onyo dhidi ya kitalu hicho, kwamba ni vigumu kupata ardhi ya umma, nami nililiona onyo hilo siku ya kwanza nikalipita kwa kuwa halikuwa namba.

Tulilala Douglas. Usiku ule habari zilikuwa zimeenea kwamba siku hiyo hiyo, tarehe 26 Mei, jaji wa mahakama ya shirikisho katika Wyoming alikuwa ametoa hukumu juu ya wawindaji wanne wa Missouri walioshtakiwa na mwenye ranchi kwenye mlima wa Elk. Kando ya reli ya Union Pacific ardhi imekaa kama ubao wa drafti, kwa sababu katika miaka ya 1860 serikali iliipa kampuni ya reli kila kipande cha pili cha maili moja ya mraba na kubaki na vingine. Wale wanne walikuwa wamevuka kwenye ncha ambapo vipande viwili vya umma vinagusana, kwa ngazi, bila kukanyaga ardhi ya mtu. Jaji alisema hawakuwa na kosa. Nilifurahi, nikamwambia Mzee kwamba sasa ile drafti yote ya kusini imefunguka kwa ajili yetu. Alinikumbusha kwamba hukumu hukatiwa rufaa na kwamba yeye hakuwa tayari kuwinda akiwa na wakili mfukoni. Rufaa ilikatwa kweli, na ilichukua hadi mwaka 2025 kwa hukumu ile kuthibitishwa. Sasa sioni ubaya wa kusubiri, ingawa wakati ule nilinuna.

Asubuhi tulishika barabara namba 59 kuelekea kaskazini, tukapita Bill, kijiji ambacho ungekipita bila kukiona kama si garimoshi za makaa ya mawe zinazopishana karibu yake. Upande wa kulia na wa kushoto ramani ilianza kuwa na kijani. Hiyo ni Thunder Basin, nyika ya taifa iliyotokana na mashamba ambayo serikali iliyanunua tena miaka ya 1930 kutoka kwa wakulima walioshindwa na ukame, na kwa kuwa wengine waliuza na wengine wakabaki, kijani na nyeupe vimechanganyika hapo hadi leo. Si nchi ya kujiendea tu. Lakini barabara za wilaya zilipita katikati ya kijani, na Mzee alihesabu sehemu tano ambazo mtu angeweza kuegesha gari, akashuka na kutembea kilomita tatu bila kuvuka uzio wa mtu.

Katika mojawapo ya sehemu hizo tulimwona jike mmoja akikimbia sambamba na gari, kisha akafika kwenye uzio. Mnyama huyu anaweza kukaribia kilomita 90 kwa saa, lakini kuruka si desturi yake. Alipunguza mwendo, akainamisha kichwa, akajipenyeza chini ya waya wa mwisho, ambao katika nyua nyingi za huko huachwa bila miiba, kiasi cha sentimita 40 kutoka chini, ili swala wapite. Mzee alicheka kwa sauti. Tulizima gari tukakaa pale karibu saa nzima, upepo ukileta harufu kali ya vile vichaka vya kijivu, na kwa darubini tukahesabu 31, wengi wao majike wenye matumbo makubwa yaliyokaribia kuzaa.

Namba ya kitalu chenyewe sitaitaja, kwa sababu ile ile inayomfanya mvuvi wa Kilifi asikuelekeze mwamba anaopata changu. Itoshe kusema kwamba mwaka uliotangulia waliokuwa na pointi mbili hawakuwa na uhakika wa kukipata, na kwamba katika jedwali langu kilikuwa cha tisa. Tuliandika maombi pale pale Wright, ndani ya mkahawa, kwa simu yangu, tukiwa kundi la watu wawili. Chaguo la pili tulijaza kitalu kilichopakana nacho. Mahali pa chaguo la tatu nilitaka kujaza kile cha mashariki, ili tusikose kabisa, lakini Mzee akaweka kidole juu ya kioo.

"Acha wazi," alisema. "Tukikosa tutarudishiwa fedha, na pointi zitabaki. Kibali kisicho na pa kusimama nikifanyie nini?"

Niliacha wazi, nikalipa dola 341 mara mbili kwa kadi yangu, naye akanihesabia zake taslimu juu ya meza, noti moja moja, mbele ya mhudumu aliyekuwa akisubiri tuondoke.

Majibu yalitoka mwezi uliofuata, Juni, nikiwa kazini. Nililazimika kusubiri mapumziko ndipo nifungue ukurasa, nikakuta majina yetu yote mawili mbele ya chaguo la kwanza. Nilimpigia Mzee nikamsomea mara mbili. Aliuliza jambo moja tu, kama nilikuwa nimekwisha kununua kizibao cha kuwindia cha rangi ya chungwa, na niliposema bado, akaniambia nisinunue kipya, maana anacho kingine kabatini tangu Rawlins.