Siku ya Kujaza Tangi

Jana asubuhi binti yangu alinikuta nimefungua mlango wa nyuma wa gari, nimeinamisha kichwa ndani. "Baba, mbona gari unalinusa kila siku?" Nikamjibu ni mazoea tu. Yeye akaridhika, akapanda na kufunga mkanda. Mimi sikuridhika na jibu langu, na tangu hapo Mama Mdogo, mke wa ami yangu, hajanitoka kichwani.

Ilikuwa 1996, enzi za lile Datsun la Ami, la rangi ya chungwa. 240Z la 1972: pua ndefu, viti viwili tu, silinda sita katika mstari mmoja, na mngurumo ambao watoto wa mtaa waliutambua kabla gari halijakata kona. Ami hakulinunua kwa ajili ya kwendea sokoni. Mwaka 1973 alikuwa kijana aliyeganda kwenye redio, Sauti ya Kenya ikitangaza kuwa Shekhar Mehta na Lofty Drews wameshinda Safari Rally kwa gari la aina hiyohiyo, baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström, naye akiwa ndani ya Datsun nyingine. Miaka miwili kabla ya hapo Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda kwa 240Z vilevile. Hadithi hizo Ami alizisimulia kama mtu anayetaja nasaba yake. Sasa ukimwambia gari lake lina kasoro, ujue umemgusa pabaya.

Mama Mdogo alimwambia.

"Gari lanuka petroli."

"Gari la zamani lina harufu yake."

"Si harufu ya uzee, ni petroli. Yatoka nyuma, huku mgongoni mwangu."

Tulikuwa tukikaa Changamwe, kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi kikiwa jirani, na mtu wa Changamwe akisema anasikia harufu ya mafuta humwoni akiharakishwa kusikilizwa. Ami alicheka, tena bila ubaya. Basi Mama Mdogo akawa anateremsha kioo kila anapopanda, na Ami anamwomba akipandishe kwa sababu ya vumbi.

Siku moja nilikuwa nimekaa ukumbini, yeye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Akasema, bila kumwelekea mtu: "Siku ya kujaza tangi ndiyo siku ya kichwa changu." Nilimsikia vizuri kabisa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwaka mzima nikijifunza ufundi gereji, nikijiona najua magari. Maneno yakanipita.

Harufu ilipozidi, Ami mwenyewe alilileta gari gereji kwa Fundi, aliyekuwa akinifundisha kazi. Tukafungua boneti, na jibu likawa kama linatungoja. Gari hilo lina kabureta mbili za Hitachi, na zimekaa juu ya manifoldi ya eksosi, chuma kinachopokea moshi wa moto wa injini, upande uleule mmoja. Kabureta ya mbele ilikuwa imelowa chini ya bakuli lake. Sindano inayofunga petroli boya linapopanda ilikuwa imelika ncha, kwa hiyo bakuli lilijaa na kumwagika kidogo kidogo, na pale chini pana chuma cha moto. Fundi alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Tukabadilisha sindano zote mbili na gasketi zake, tukakaza klipu za mipira yote ya mbele, tukapangusa. Ami akaondoka akiimba.

Uvujaji ule ulikuwa wa kweli, na ungeweza kuliteketeza gari. Hilo nataka lieleweke. Lakini hakuna kitu kinachompofusha fundi kama kosa la kweli lililopatikana mapema. Ukishaliona, unaacha kutafuta.

Wiki mbili baadaye walikwenda msibani Voi. Asubuhi hiyo Ami alijaza tangi pomoni. Wakapanda mlima wa Mazeras, na kabla hawajafika juu Mama Mdogo akamshika mkono amsimamishe, akashuka, akatapikia kando ya barabara. Ami aliponisimulia jioni hakuwa akicheka tena. Alisema uso wake mkewe ulikuwa na rangi ya jivu.

Hapo ndipo mbuzi na nazi na yale maneno viliponirudia. Usiku ule sikulala vizuri. Kulipokucha nikamwendea Fundi kabla hajanywa chai.

"Fundi, tumelitafuta likiwa na mafuta nusu. Tulijaze, halafu tulipandishe pua juu, kama lapanda mlima."

Fundi alinitazama. "Nani kakufundisha?"

"Nimefikiria tu," nikasema.

Nayaandika maneno hayo mawili hapa kwa sababu sijawahi kuyaandika mahali popote.

Tulilijaza mpaka shingoni, tukalisimamisha kwenye mteremko wa mbele ya gereji, matako chini, jua la saa nne likilipiga. Fundi hakukubali liwekwe juu ya shimo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa, hutafuta pa chini, na shimo la gereji ni bakuli la kuukinga. Akafungua waya hasi wa betri. Wavuta sigara wakafukuzwa mpaka ng'ambo ya barabara. Taa ya waya akaikataa, balbu yake ikivunjika ni kiberiti. Tukatumia tochi, na alinilazimisha niiwashe nje, nisiizime mpaka nitoke, kwa sababu hata swichi ina cheche yake.

Kisha tukavua lile paneli la ndani, upande wa kulia, nyuma ya kiti, upande ulio na mdomo wa kutilia mafuta. Skrubu chache, vishikizo vya plastiki vikavunjika viwili kwa ukavu. Lilipotoka, harufu ilitupiga usoni kwa uzito, kama mtu amefunua sufuria. Ndani palikuwa na kitangi kidogo cha chuma, kimejificha ubavuni mwa gari. Mwaka mzima nilikuwa nikilifuta vumbi gari lile na sikujua kuwa kipo. Kazi yake ni kupokea mvuke wa petroli tangi kubwa linapopata joto na mafuta kutanuka. Kimeunganishwa kwa mipira kadhaa myembamba, iliyopinda kama matumbo ya kuku. Kwenye bati nyuma ya mipira palikuwa na michirizi ya rangi ya asali iliyoungua. Ni petroli iliyokauka, ikalowa, ikakauka tena, miaka.

Lakini mipira ilionekana mikavu. Nilipitisha kidole: mikavu.

Fundi akaomba chaki. Nikaenda kwa mwalimu jirani, nikarudi na vipande vinne vyeupe. Tukavisaga juu ya karatasi, na kwa brashi ndogo ya rangi Fundi akaipaka unga mipira yote, taratibu, kila kiungo, mpaka ikawa myeupe kama mikono ya mwokaji. Kisha akavuta kigoda, akakaa mbali kidogo. "Sasa tunyamaze," akasema, kana kwamba petroli ingetusikia.

Tulikaa karibu saa nzima. Jua lilipanda. Bati lilianza kutoa milio midogo ya kutanuka. Nilikuwa nimemulika tochi mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha, kwenye mpira mmoja, mahali unapopinda kwenda chini, chaki ikaanza kubadilika. Kwanza nukta. Halafu mstari mwembamba, wa rangi ya chai ya maziwa, ukatembea kufuata mpindo, ukasimama. Hakuna tone lililoanguka. Kila kilichotoka kilikuwa hewani kabla ya kufika sakafuni, na hewa hiyo ilikuwa ya mtu aliyekaa mle ndani.

Fundi akausogelea, akauminya mpira kwa vidole viwili. Ukafunguka. Mpasuko mmoja, na ndani yake mipasuko mingine, myembamba, sambamba.

"Magaga," akasema. "Tazama. Kama kisigino cha mwanamke wa shamba."

Kuanzia hapo kazi ilikuwa nyepesi. Tuliitoa mipira yote, mizima na mibovu, maana imezeeka pamoja. Nilitumwa dukani kununua mpira wa petroli kwa mita, na Fundi akanionya nisithubutu kuletewa wa maji, huo hulainika na kuvimba ukikaa na petroli. Tukaweka klipu mpya, tukajaza tena, tukapaka chaki tena. Ikabaki nyeupe mpaka alasiri.

Siku hiyo nilijifunza pia habari ya kioo. Gari likikimbia na dirisha wazi, hewa ya ndani hunyonywa nje, na nafasi yake hujazwa na inayopenya kutoka nyuma. Kwa hiyo kila Mama Mdogo alipoteremsha kioo apumue, alikuwa akijivutia mvuke ule ule uliokuwa ukimwumiza. Nilipolielewa hilo nilikaa chini kwenye kigoda cha Fundi.

Jioni Ami alinisifu mezani. Alieleza kila kitu, chaki, mteremko, tangi kujazwa, akasema kijana huyu ana akili, kalijua lenyewe. Mama Mdogo alikuwa akipakua wali. Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama tu, kwa muda ambao mtu huchukua kusoma sentensi moja mara mbili. Kisha akaniwekea kipande cha samaki cha upande wa mgongo, akasema, "Mashallah, mwanangu." Nilikula kichwa chini. Kulikuwa na nafasi ya kusema, tena kubwa, na ilikaa pale mezani mpaka vyombo vikaondolewa.

Nafasi nyingine zilikuja baadaye, miaka mingi ya nafasi. Mama Mdogo alifariki 2011. Gari liliuzwa kabla ya hapo.

Ijumaa iliyofuata matengenezo yale Ami alijaza tangi makusudi, wakatoka wawili kwenda kutembea Nyali. Mimi nilibaki langoni. Mama Mdogo alipanda, akakaa, akageuza uso kidogo kuelekea nyuma, akavuta pumzi. Ami akamwuliza kitu, yeye akatikisa kichwa kuwa hapana. Gari likaondoka. Kabla halijafika kona, nikaona kioo cha upande wake kinateremka, polepole, mpaka chini kabisa.