Pipi za sikukuu

Idi ndogo ya 2019 dada yangu alikuja kutoka Marekani baada ya miaka chungu nzima, na sie nyumbani tushaambiwa kwa simu kwamba nyama hali tena. Si ng'ombe tu, mbuzi, kondoo, mnyama yoyote anaenyonyesha. Kuku sawa, samaki sawa, pweza ale mpaka achoke. Ati aling'atwa na kupe huko Virginia, yule jike mwenye doa jeupe mgongoni, toka siku hiyo mwili wake unaikataa sukari fulani iliyomo kwenye wanyama hao, wenyewe wanaiita alfa-gali, kuku na samaki hawana. Mama mkubwa alisikiliza yoooote afu akasema hilo jicho tu, watu wamemuona kafanikiwa.

Bas sikukuu ya pili nikatumwa sokoni Darajani ninunue vitu vya kutafuna yeye na watoto. Nilikuwa makini wallahi. Biskuti nikairudisha kwa vile ina unga wa maziwa na ile E471, kile kiungo cha kuchanganyisha mafuta na maji, mana alishanambia mafuta yake yanaweza kuwa ya mmea au ya ng'ombe na paketi haikwambii. Halua hata sikuisogelea, samli ile. Afu nikafika kwenye pipi laini za kuvutika, zenye umbo la samaki. Kiingereza kimezibwa na stika ya bei, lakini muhuri wa halali huo, mkubwa. Nikamuuliza mwenye duka hizi vipi. "Halali hizo bi, tazama mwenyewe." Nikaridhika. Ndo sie tulivo, tukishaiona halali tunaona tushauliza yote, na ng'ombe aliechinjwa kwa bismillahi kwangu mie halali, kwa dada siku ile ni sumu vilevile.

Laasiri akala kiganja kizima na watoto. Magharibi mzima, isha mzima, anatuhadithia theluji tunacheka. Saa 3 usiku viganja vikaanza kumuwasha, mara mabaka shingoni, tumbo linamkata, pumzi inakuwa fupi fupi. Ubaya wa maradhi haya ndo huo, yanakuja masaa mawili mpaka sita baadae, ushasahau hata ulikula nini. Akajipiga sindano yake ya dharura mwenyewe, pajani, juu ya dira, sie tumeganda tu, mpaka jirani akatoa gari tukakimbia hospitali. Alfajiri ilitukuta kwenye benchi, yeye kapoa, kalala.

Tulivorudi tukamkuta mama kaishika ile paketi, miwani puani, anasoma upande wa Kiarabu kwa sauti kama yuko chuo cha Kurani.

"Jilatini... baqari."

Akanitazama.

"Wewe Suratul Baqara si umeihitimu? Baqara nani?"

Dada akacheka na midomo yake imevimba vile vile. Mie nilitamani sakafu inimeze, kumbe pipi zimelainishwa kwa ng'ombe.

Jioni nikarudi sokoni. Safari hii nikachukua ubuyu, na chipsi za muhogo kwa mama mmoja anaekaanga pale pale, nikamuuliza anatumia mafuta gani. "Mafuta ya kula, mwanangu." Ya nini? Akanionesha dumu kwa kidevu. Nikainama nikaligeuza, nikasoma Kiingereza, nikamaliza nikasoma na Kiarabu, watu nyuma yangu wananuna.