Kilio cha kwenye korido

Mtoto wa miaka 3, upasuaji wa ngiri, nami ndiye wa kumpa nusukaputi. Katika orodha yote ya leo ndiye niliyemhofia kidogo kuliko wengine. Mrija wake wa kupumulia niliupigia hesabu kichwani: umri gawa kwa 4, jumlisha 4. Nikaandaa wa milimita 4.5, na midogo kando. Tukamlaza kwa halotani, gesi ya nusukaputi, kwa maski, akiendelea kupumua mwenyewe. Nashukuru mno kwamba sikumpa dawa ya kulegeza misuli, maana nilipoingiza laringoskopu, kifaa cha kutazamia koo, nilikuta kano za sauti zimeshikana upande wa mbele kwa utando mweupe. Nyuma kulibaki kitundu tu.

Nilijaribu mrija wa 3.5, mara moja, taratibu. Ukakwama. Mkono ulitamani kusukuma! Lakini kusukuma huleta uvimbe, na njia ya hewa yenye upana wa milimita 4 ikivimba milimita 1 kuzunguka, nafasi inayobaki ni robo. Na watoto huishiwa oksijeni upesi, tena hapa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi. Nikautoa, nikarudisha maski. Kifua kikapanda.

"Tumwamshe," nikamwambia daktari wa upasuaji, naye ameshavaa glavu. Hakubisha, na kwa hilo namheshimu sana. Ngiri haikuwa imenasa, ingengoja.

Nilimweleza mama kwamba mwanawe alizaliwa na utando kooni, aonwe na daktari wa koo, na moyo nao upimwe, kwa kuwa kasoro hizi mbili wakati mwingine huzaliwa pamoja. Ndipo nikamuuliza habari ya sauti.

"Dokta, iyo njo sauti yake tangu kuzaliwa. Akilia, majirani hawasikii."

Mimi nilikisikia kilio hicho asubuhi kwenye korido, chembamba, kama upepo unaopenya chini ya mlango. Nikadhani ni njaa, maana alikuwa hajala tangu usiku. Nilikuwa nimemuuliza mama kikohozi, homa, dawa, chakula, hata ndugu waliowahi kupata shida ya nusukaputi. Sauti sikuiuliza, na mtoto alikuwa akinijibu palepale mbele yangu. Hilo linaniuma. Kwenye fomu ninayotumia nimeongeza swali kwa kalamu: akilia, analiaje?

Jioni nilipita wodini kabla ya kuteremka nyumbani. Alikuwa ameshakunywa uji, analia anataka kwenda kwao. Nikasimama mlangoni kumsikiliza mpaka akanyamaza.