Mikanda ya Vikuku na Paja Langu

Kwa miezi kadhaa nililaumu tandiko. Kila niliporudi kutoka matembezi ya farasi ya saa mbili kando ya Mto Nile, karibu na Jinja, nilikuta alama nyekundu upande wa ndani wa paja, nikaamini kwamba kiti kimechakaa. Mzee anayetunza farasi pale bandani alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyanyua kipande cha ngozi kinachofunika sehemu ya juu ya mkanda wa kikuku, yaani ule unaoning’iniza chuma anachokanyagia mpandaji, akaniambia nipitishe kidole. Kulikuwa na uvimbe mgumu, mkubwa kama kokwa ya parachichi. “Mwanangu,” akasema, “kinachokuuma ni bizimu.”

Mkanda wa kawaida wa kikuku hukunjwa mara mbili na kufungwa kwa bizimu, ambayo huvutwa juu hadi kwenye chuma cha tandiko, pale mkanda unapotundikwa. Pale juu ndipo paja linapolalia. Mimi nilikuwa nikichagua mkanda kwa ulaini wa ngozi, kumbe la kuangalia kwanza ni unene wake chini ya mguu. Sasa natumia mkanda wa pande moja, usiokunjwa, ambao bizimu yake iko chini karibu na kikuku. Una kero yake, kwa sababu kuurefusha ukiwa juu ya farasi ni kazi, na anayevaa viatu vifupi anaweza kuguswa na bizimu kwenye muundi. Hata hivyo paja langu limepona.

Hata mkanda uwe laini kama pamba, sithubutu kuutumia ukibana kwenye chuma cha tandiko, kwa kuwa mpandaji akianguka mguu ukiwa umenasa, mkanda unatakiwa uteleze na kuchomoka.

Urefu nao una mambo yake. Ninaanza kwa kuweka ncha za vidole kwenye chuma cha tandiko na kunyoosha mkono, ili kikuku kifike kwapani, ingawa hicho ni kianzio tu na goti ndilo huamua baadaye. Shida ni kwamba wengi wetu hupanda kwa upande wa kushoto, uzito wote ukielemea mkanda mmoja, nao hurefuka kuliko mwenzake, hasa ukiwa wa ngozi tupu usio na nailoni ndani. Unakaa upande bila kujua, kisha unalaumu mgongo. Kuupaka mkanda mafuta mengi huzidisha tatizo. Hapa kwetu, ambako ukungu huota upesi msimu wa mvua, nafuta kwa sabuni ya ngozi na kuanika kivulini.

Jumapili iliyopita niliitundika yote miwili kwenye msumari mmoja, tundu la tano kwa la tano. Wa kushoto ulikuwa umezidi kwa upana wa kidole. Nimeibadilisha pande, na sasa napandia kwenye kisiki.