Abiya, jina la kiume au la kike?

Bwana asifiwe wapendwa, poleni na mihangaiko ya wiki. Leo tukae na jina moja tu, Abiya. Wale mnaotafuta jina na bado hamjui tumboni kuna nani, hili halina shida, kwenye Biblia wamelibeba wanaume na wanawake. Ni Kiebrania, maana yake Bwana ni baba yangu, ile "ya" ya mwisho ni jina la Mungu kwa kifupi, kama kwenye Eliya na Isaya.

Sasa angalieni waliolibeba. Mtoto wa pili wa Samweli, 1 Samweli 8. Baba nabii, nyumba ya maombi, kapewa na kazi ya uamuzi kule Beer-sheba, na bado wakala rushwa yeye na kaka yake Yoeli mpaka wazee wakachoka wakaenda kudai mfalme. Watoto wa mchungaji hao (wachungaji mnisamehe).

Halafu nenda 1 Wafalme 14. Huyu ni mtoto wa Yeroboamu, yule wa ndama za dhahabu Betheli na Dani, yani nyumba imeoza kabisa, lakini Mungu anasema kwa huyo mtoto mgonjwa ndo limeonekana jambo jema. Alikufa, ndio, ila nyumba nzima ya Yeroboamu ni yeye tu aliyepata kaburi, na Israeli wote wakamlilia.

Na wa kike? 2 Nyakati 29:1, Abiya binti Zekaria, mama yake Hezekia, kwenye 2 Wafalme 18 anaitwa Abi. Mumewe ni Ahazi, aliyechoma watoto wake kwa moto akafunga na milango ya hekalu. Hebu fikiria umeolewa na mtu huyo, umezaa naye, na kila ukiitwa jina lako linasema Bwana ni baba yangu. Kila kitabu kimempa mstari mmoja tu. Ila mwanae akatawala akiwa na miaka 25, na mwaka wa kwanza mwezi wa kwanza akaifungua milango ileile baba yake aliyoifunga. Mimi siamini imani hiyo aliitoa kwa Ahazi. Isaya alikuwepo mjini, sawa, lakini aliyemlea ni nani?

Kwa hiyo maombi ya wiki hii tuwabebe wakina mama ambao waume zao hawataki hata kusikia habari za kanisa, wako wengi kwetu. Anayetaka aombewe kwa jina anitumie meseji pembeni, si lazima aandike hapa.